Chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye

Kama unapanga kuhama na mbwa au paka wako kutoka Nairobi au Dar kwenda nchi ya Umoja wa Ulaya, hakikisha amewekwa chipu ya utambulisho kabla ya kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata kama cheti kina mhuri na sahihi. Itabidi achanjwe upya. Kufanya vyote viwili siku ileile kunaruhusiwa, mradi chipu itangulie. Kisha unasubiri angalau siku 30 tangu chanjo ndipo achukuliwe damu ya kupima kinga, na miezi 3 mingine tangu damu ilipochukuliwa ndipo asafiri. Kwa hiyo anzeni mapema jamani, msingoje tiketi.

Chipu yenyewe ni kama punje ya mchele, inaingizwa kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega. Haina betri wala haionyeshi mnyama yuko wapi. Inatoa namba tu inaposomwa na mashine. Omba ya kiwango cha kimataifa cha ISO, yenye tarakimu 15.

Kabla hujatoka kliniki, mwombe daktari apitishe mashine juu ya mabega ya mnyama, usome namba kwenye kioo na kuilinganisha na iliyoandikwa kwenye kadi ya chanjo, tarakimu kwa tarakimu. Tarehe ya kuweka chipu nayo iandikwe papo hapo, maana ndiyo itakayothibitisha kwamba ilitangulia chanjo.