Kabla hujatoa pesa ya nyumba iliyojengwa kivingine: mambo ya kuzingatia

Siku hizi hapa Uganda ukizunguka Wakiso, Mukono, hata ile njia ya Kajjansi kuelekea Entebbe, unakuta nyumba ambazo babu yako angeuliza kama ni nyumba ama stoo. Makontena yamepandishwa moja juu ya lingine yakapigwa rangi, kuta za tofali za kufungana ambazo hazijawahi kuona moto, kuta za lile povu jeupe linalokuja na katoni ya TV, ndani waya nje simenti, kuna hata za chupa za plastiki zilizojazwa udongo. Na broka anakuambia hii ndo teknolojia mpya, bei imeshuka, changamka kuna mtu anakuja na pesa kesho. (Huyo mtu wa kesho yuko kila nyumba inayouzwa, mi sura yake sijawahi kuiona.)

Mi sina ugomvi na hizo nyumba. Zingine zinazishinda mbali hizi zetu za tofali za kuchoma ambazo mtu kajaza mchanga, simenti kanyunyiza tu. Ugomvi wangu uko hapa: nyumba ya kawaida ikiwa na kosa, fundi yeyote wa mtaani ataliona na anajua pa kugonga, lakini hii ya kivingine kosa limelala nyuma ya plasta na anayejua lilipo ni aliyejenga peke yake, na yeye keshalipwa keshaenda zake. Kwa hiyo usiende kukagua kama inapendeza. Nenda kumtafuta huyo mtu, na kutafuta ushahidi wa kilichoko ndani ya ukuta.

Karatasi kwanza, na sisemi hati ya ardhi tu maana hiyo kila mtu anaijua. Sheria ya majengo ya 2013 inataka mwenye nyumba awe na kibali cha kujenga, na akimaliza apate kibali cha kuingia kukaa ndani, na vyote vinapitia kamati ya majengo ya wilaya, manispaa au mji, juu yao iko ile bodi ya taifa ya majengo watu wanaiita NBRB. Kukaa bila kibali cha pili ni kosa kisheria, japo ukiuliza mtaani kwako nani anacho utapewa kicheko. Sasa kwenye nyumba ya kivingine kuna mchezo wa kuangalia: plani iliyopitishwa ni ya bangaloo ya tofali vyumba vitatu, lakini kilichosimama pale ni makontena. Maana yake kile unachonunua hakuna injinia wa serikali aliyewahi kukiona kwenye karatasi. Omba plani, ikunjue palepale kiwanjani, simama mlangoni uhesabu madirisha, soma pembeni imeandikwa ukuta ni wa nini na unene gani. Ikiwa imeandikwa tofali na wewe unagonga bati, hapo hujafika hata kwenye bei.

Ardhi nitapita haraka. Fanya sachi ya hati ofisi ya ardhi ya kanda, ulizia kama ni mailo (ule umiliki wa zamani wa Buganda) na kuna watu wa kibanja juu yake, yaani wapangaji wenye haki ya kukaa pale, na busulu, ile kodi yao ya ardhi, analipwa nani, leta sevea (mpima ardhi) wako mwenyewe afungue mipaka, mke au mume wa muuzaji aweke sahihi yake kama hapo ndo familia inakaa. Afu mambo ya maji: ufukwe wa Ziwa Victoria umewekewa mita 200 za ulinzi, na hati iliyotolewa ndani ya swampu, yaani kinamasi, baada ya katiba ya 1995 inaweza kufutwa hata kama ina muhuri wa kung'aa. Watu wa Lubigi, swampu ya pembeni ya Kampala, waliona 2024 mashine zinavyoingia kubomoa. Na hizi nyumba za kivingine zinapenda sana kujengwa swampu, sababu muuzaji anasema "hii ni nyepesi, haihitaji msingi mkubwa". Ukisikia hiyo sentensi angalia chini unapokanyaga.

Haya, tuingie kwenye ukuta.

Tofali za kufungana ndo utakutana nazo sana. Ni udongo wa chini, mara nyingi muramu (ule mwekundu wa changarawe), unachanganywa na simenti kidogo, kama asilimia 5 mpaka 10, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, halafu linawekwa kivulini, linafunikwa na kumwagiwa maji siku kadhaa, mpaka likomae ni kama wiki nne. Haliendi kwenye tanuru kwa hiyo hakuna miti inayokatwa, na hilo ni jambo zuri, Uganda misitu inapungua kwa tofali na mkaa. Lakini angalia penye udhaifu: mtu akiwa na haraka analijenga likiwa na wiki moja, au anabana simenti, na kwa macho yote yanafanana, mekundu, nyororo, yanapendeza. Unayatofautisha chini. Nenda nyuma ya nyumba upande ambao mvua inapiga, ile mistari miwili mitatu ya kwanza juu ya ardhi ambapo matone ya bati yanaruka na kurusha tope. Toa ufunguo wako ukwaruze. Nzuri inakupa mkwaruzo mweupe na vumbi kidogo, mbaya ufunguo unazama na kona inamomonyoka kama chapati ya jana. Ukikuta hapo chini pamepigwa plasta peke yake na juu pote pameachwa wazi, uliza kwa nini, inawezekana ni urembo tu, inawezekana ni bandeji.

Na kwa vile tofali hizi zinapangwa nyingi bila simenti katikati, kinachozishika pamoja ni ile bimu inayozunguka juu ya madirisha na nondo zinazoshuka kwenye kona. Hapo usikubali maneno, omba picha. Siku hizi kila mtu ana simu, hakuna aliyejenga nyumba bila kupiga picha za kuwatumia kwa WhatsApp watu wa kyeyo, ndugu walioko kazini nje ya nchi, wanaomtumia pesa. Mwambie muuzaji, "Mzee, naomba zile picha za wakati mnafunga bimu." Akisema simu iliibiwa, fundi anazo. Fundi naye akisema simu iliibiwa, basi nyumba hiyo ina bahati mbaya na simu. Kama uko Kasese, Bundibugyo au Fort Portal hili jambo ndo la kwanza kabisa kwenye orodha yako, maana kule bonde la ufa linatikisika, wazee wanakumbuka la 1966 na la 1994, na ukuta uliopangwa bila kufungwa juu ndo wa kwanza kufunguka.

Za povu na waya sasa. Ukuta ule nguvu yake haiko kwenye povu, iko kwenye ile zege nyembamba inayopigwa pande zote mbili juu ya waya, kama sentimita tatu kila upande. Gonga kwa kifundo cha kidole ukitembea, sauti ikibadilika ghafla kutoka ngumu kwenda ngoma weka alama kwa chaki, hapo zege ni nyembamba au imeachana na povu. Angalia pia paipu za maji na za umeme zilipitishwa lini, zilipaswa kulala ndani kabla ya kupiga zege, ukiona mistari ya viraka inashuka kutoka swichi jua fundi umeme alikuja baadaye akakata waya wa ukuta kupitisha wake. Na sisimizi wanapenda kulala kwenye povu, kwa hiyo pekua palipo na ufa karibu na sakafu.

Kontena ni chuma, watu wanadhani haliwezi kuwa na shida. Nguvu yake iko kwenye kona nne na kwenye zile kuta za mikunjo, sasa mtu akikata ukuta mzima kuweka kioo kikubwa cha kuangalia ziwa bila kuweka fremu ya chuma kuzunguka, paa linaanza kulegea katikati. Panda ngazi uangalie juu kama maji yanatuama. Lala chini, kweli lala, uangalie kutu ya chini ya sakafu. Uliza kontena lilibeba nini kabla na sakafu ya mbao ni ile ya meli au ilibadilishwa, maana zile mbao hupigwa dawa ya wadudu ambayo hutaki mtoto atambae juu yake. Na kagua saa nane mchana jua likiwaka, usiende asubuhi saa mbili wakati kila kontena ni friji. Halafu waya wa radi: Uganda ni nchi ya radi kwelikweli, uliza umeshuka wapi ardhini na bado upo, wezi wa shaba nao wanauulizia.

Za chupa sitasema mengi. Zipo, zinasimama, zinapendeza wageni. Uliza tu utagongelea wapi msumari wa kabati la jikoni, na utamuuzia nani siku ukichoka.

Kuna kitu kimoja watu hawakihesabu kama cha ajabu kwa sababu Kampala nzima kipo: slabu ya maksipani, zile tofali zenye matundu kama za kiwanda cha Uganda Clays zinazopangwa katikati ya bimu nyembamba, juu inawekwa BRC (wavu wa chuma) na zege kidogo. Ni nyepesi, ni ya bei nafuu kuliko slabu ya zege tupu, na ikifanywa sawa haina neno. Lakini nguvu iko kwenye bimu, kati ya bimu na bimu ni udongo wa kuchoma wenye matundu. Sasa mwenye nyumba wa kwanza anaamua baadaye aongeze ukuta chumba kiwe viwili, anausimamisha juu ya matundu, anaongeza na tanki la lita elfu tano pembeni ya bafu. Hilo tanki likijaa ni tani tano, yaani gari kubwa limepaki juu ya kichwa chako. Ingia chumba cha chini, washa tochi ya simu uilaze kwenye siling sambamba nayo, usiimulike moja kwa moja, hapo nyufa nyembamba zinatoka kama mistari ya kiganja. Ukiona zinafuatana kwa nafasi sawa ni plasta inafuata bimu, mara nyingi si tatizo. Ukiona moja inakatiza zote, ita injinia kabla ya kuita loya.

Injinia mwenyewe awe wako. Asiwe wa broka, asiwe shemeji ya muuzaji, awe amesajiliwa na bodi ya mainjinia na leseni yake ya mwaka huu anayo, uiombe uione, haoni aibu mwenye nayo. Muulize swali moja kabla ya kukubaliana bei: umewahi kusimamia nyumba ya namna hii? Akisema zote ni sawa tu, mshukuru utafute mwingine. Kwenye zege anaweza kuja na ile nyundo ya kupima inayoruka na kusoma namba, lakini kwenye tofali za udongo hiyo haikusaidii sana, huko itabidi tofali la akiba lipelekwe maabara likavunjwe. Muuzaji mzuri anayo tofali za akiba nyuma ya nyumba. Ziangalie zimepigwa mvua miaka mingapi na ziko vipi, hizo zinasema ukweli kuliko yeye.

Na mvua ndo mkaguzi wa bure. Kama unaweza kusubiri, rudi Aprili au Novemba, uje mvua ikinyesha na si ikiisha, usimame ndani ukiwa umevaa viatu vya kuchafuka. Huwezi kusubiri, ongea na askari wa geti au mama anayeuza nyanya hapo mbele, nunua nyanya kwanza, umuulize, "Mama, mwaka ule ziwa lilipanda, hapa palikuwaje?" 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na watu wa pwani wanakumbuka maji yalifika ngazi ya ngapi.

Kama unatumia mkopo, nenda benki kabla ya kutoa advansi. Mthamini wao akiona ukuta wa udongo au kontena anaweza kukuandikia kiwanja peke yake na nyumba akaiacha, na wewe ushatoa advansi isiyorudi. Bima hivyohivyo, uliza wanaikubali na kwa bei gani. Kwenye hesabu yako weka na ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 wa kuhamisha hati, loya, sevea, injinia, na kile kitu cha mwenyekiti wa LC (serikali ya mtaa) ambacho hakina risiti.

Kwenye mkataba mwambie loya aandike nyumba imejengwa kwa njia gani kwa maneno ya kawaida, jina na namba ya fundi, picha za bimu ziambatanishwe, na sehemu ya pesa ibaki mpaka kibali cha kukaa kitoke na msimu mmoja wa mvua upite. Muuzaji atapiga kelele kuhusu hiyo ya mvua, mnaweza kukutana katikati, ashushe bei au arekebishe zile alama zako za chaki kwanza. Na loya akisema kipengele kama hicho hakipo kwenye fomu yake, aandike kwa kalamu pembeni, nyote muweke sahihi na tarehe.