Jinsi ya Kuokoa Video kwenye DVD Iliyochubuka au Kufutwa

Hapa Mombasa, harusi nyingi za miaka ya 2000 zimebaki kwenye DVD moja tu, imelala kabatini kwenye joto na hewa ya chumvi. Mama mmoja wa Kibokoni aliniletea ya kwake: sauti ya marehemu mumewe akimuozesha binti yao ilikuwa humo, na kwengine haipo. Tuliipata. Nafanya hivi.

1. Itazame kwanza. Yenye ufa usiitie kwenye draivu kabisa. Ikizunguka kwa kasi hupasuka vipande. Nyengine iinue mbele ya taa. Kwenye CD, data imekaa juu, chini tu ya lebo, imefunikwa kwa rangi nyembamba. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, data ya hapo imekwenda. DVD ina nafuu, kwani data iko katikati ya plastiki mbili. Michubuko ya upande wa chini isikutie hofu sana: imeziba njia ya mwanga tu, data bado ipo.

2. Ioshe. Maji safi, tone la sabuni, kitambaa laini. Pangusa kutoka tunduni kwenda ukingoni, moja kwa moja. Usizungushe! Mchubuko unaofuata mzunguko huharibu data nyingi iliyopangana, na draivu hushindwa kuisahihisha.

3. Toa nakala nzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaburuta faili moja moja, draivu inakwama, wanakata tamaa. Mimi natumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Hapo /dev/sr0 ni draivu, na harusi.iso ni nakala ya diski nzima. Hii huchukua sehemu nzima nzima kwanza na kuruka penye taabu. Ikimaliza, irudishe penye taabu:

`ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Uzuri wake ni ile faili ya map. Inakumbuka kilichosomwa na kilichobaki, kwa hiyo unaweza kuhamishia diski kwenye draivu nyengine na kuendelea ulipoachia. Fanya hivyo hasa, maana draivu hazisomi sawa. Ile ya Kibokoni ilikwama kwenye draivu mbili, ya tatu, kuukuu ya kompyuta ya mezani, ikasoma karibu yote. Kuwa na subira. Niliiacha usiku kucha.

CD ya nyimbo za kawaida haiendi na ddrescue. Tumia programu ya cdparanoia.

Dawa ya meno na mashine za kusugulia? Baada ya nakala, si kabla.

4. Kama imefutwa. DVD-RW (ile inayoweza kurekodiwa tena) iliyofutwa kwa njia ya haraka imepoteza orodha yake tu. Video bado ipo, ila draivu huiona tupu. Usirekodi kitu juu yake, jaribu programu ya IsoBuster, ingawa draivu nyingi hukataa kuisoma. Iliyofutwa yote haina dawa. Na ile diski ndogo ya kamera inayoonekana tupu mara nyingi haikufutwa, haikufungwa tu ("finalize"). Irudishe kwenye kamera iliyorekodi, uifunge huko.

5. Toa video. Fungua harusi.iso kwa VLC. Ikikataa, ipitishe kwenye PhotoRec, ambayo hutafuta video bila kutegemea orodha ya faili. Kisha itazame mpaka mwisho kabla hujampigia simu mwenyewe, na umwekee nakala mbili, moja isikae nyumba hiyo hiyo.