Kubalansi aileroni na eleveta za ndege uliyojitengenezea, ili fluta isikukute angani

Fluta iko hivi: bawa linapinda kidogo, aileroni (kibao cha nyuma ya bawa kinacholaza ndege upande) ikiwa nzito nyuma ya bawaba inachelewa kulifuata, na kule kuchelewa kunalisukuma bawa lizidi kupinda, linarudi kwa nguvu zaidi, na ndani ya sekunde chache kuna kitu kimeng'oka. Kwa hiyo tunataka kitovu cha uzito kikae kwenye mstari wa bawaba au mbele yake.

1. Paka rangi kwanza! Mi nilishabalansi eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) ikiwa chuma kitupu, nikafurahi, afu nikaja kupaka puti na rangi, ikarudi kuinama nyuma kama vile sijafanya kitu.

2. Toa aileroni au eleveta kwenye ndege, iache na trimu tabu yake (kibao kidogo cha kwenye ukingo wake wa nyuma), rodi na bolti zote zinazoruka nayo. Ning'iniza bawaba kwenye vyuma viwili laini, upange levo kwa pima maji. Zima feni na ufunge mlango. Bawaba ikiwa inakwama kidogo tu itakudanganya, utadhani imebalansi kumbe imeshikwa.

3. Egemeza ukingo wa nyuma juu ya mzani mdogo, aileroni ikiwa levo. Tuseme unasoma gramu 150, sentimita 30 nyuma ya bawaba, 150 mara 30, hiyo ni 4,500. Risasi yako (ile metali nzito ya kubalansia) ikikaa sentimita 10 mbele ya bawaba, gawa kwa 10, unahitaji gramu 450. Yaani kila gramu ya puti huko nyuma inakula gramu tatu za risasi, bora usugue puti kabla hujaongeza risasi.

4. Risasi ifungwe kwa bolti, gundi peke yake usiiamini, na mkono unaoibeba uwe mgumu, ukiyumba umejitengenezea tatizo jingine. Kiasi cha balansi fuata mchoro wa ndege yako, usibuni.

5. Trimu tabu isiwe na mchezo kwenye rodi hata kidogo. Kebo zisilegee, na matundu ya kutolea maji yawe wazi, maji yakituama nyuma ndani balansi imeenda.

6. Kwenye kuruka, fluta inafuata spidi halisi, sio ya kwenye geji. Futi 10,000 geji ikisoma noti 120 (maili za baharini kwa saa) unaenda kama 140. Majaribio ya spidi panda kidogo kidogo ukiwa na parashuti mgongoni, na mtetemo ukianza punguza pawa, inua pua taratibu, shika stiki kwa nguvu, tua, na usiruke tena mpaka umeipata sababu.