Kabla ya kufungua kopo la kobalti kloridi

Jaribio la kobalti kloridi, chumvi ya metali ya kobalti, likiharibika, chunguza maji kwanza. Yamo ndani ya fuwele, yamo hewani, yamo kwenye vyombo vilivyooshwa jana. Na chumvi hii inajulikana maabara kwa sababu ya kuyatambua: ikiwa kavu ni ya buluu, ikipata maji inakuwa pinki. Ndiyo maana namwomba kila mwalimu na fundi wa maabara aanze maandalizi hapo, siku kadhaa kabla wanafunzi hawajaingia.

Soma lebo ya kopo. Kobalti kloridi inayopatikana zaidi madukani ina molekuli sita za maji, na moli moja yake (kipimo cha kiasi wanachotumia wanakemia) ina gramu 237.9. Ile iliyokaushwa kabisa ina gramu 129.8. Kwa mililita 250 za mmumunyo wa 0.2 M (moli 0.2 kwa kila lita) utahitaji gramu 11.9 za ile ya kwanza, lakini gramu 6.5 tu za ile ya pili. Ukipima gramu 11.9 za iliyokaushwa ukidhani ni ile yenye maji, mmumunyo unatoka na nguvu karibu mara mbili ya uliyokusudia. Mrututu (kopa salfeti) nao una mtego huohuo: fuwele za buluu zina maji, unga mweupe hauna.

Kupima unga ufanye wewe, ukiwa umevaa glavu, mahali pasipo na upepo wa feni. Wanafunzi wapewe mmumunyo uliokwisha tengenezwa. Hili nalisisitiza kwa sababu vumbi lake si la kuchezea. Mwaka 2022 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliziweka chumvi za kobalti zinazoyeyuka katika kundi la 2A, yaani zinazoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya nao unaihesabu kobalti kloridi miongoni mwa kemikali zinazodhuru uzazi. Mwenzako akiwa mjamzito, mpangie kazi nyingine siku hiyo. Ngozi pia huweza kupata mzio. (Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa pande za Kolwezi, mkoani Lualaba, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Vumbi tunalolikwepa kwa saa moja, wao wanaishi nalo.)

Karatasi za kobalti kloridi, zile zilizolowekwa kwenye mmumunyo wake zikakaushwa ili kutambua maji, ndizo zinazosumbua zaidi watu wa pwani. Ukifungua kichupa Tanga au Mombasa wakati wa masika, karatasi inageuka pinki kabla hujaigusisha na chochote. Zihifadhi kwenye chombo kinachoziba vizuri chenye kikausha unyevu, zipashe joto taratibu mpaka buluu irudi, kisha zishike kwa kibanio, maana jasho la vidole linatosha kuzigeuza. Wakumbushe wanafunzi kwamba karatasi inaonyesha maji yapo. Haisemi kama maji hayo ni safi. Usafi unapimwa kwa kiwango cha kuchemka.

Kama unaonyesha msawazo wa kemikali, yaani mmenyuko unaoweza kwenda mbele na kurudi nyuma, lijaribu lote mwenyewe kabla ya kipindi. Ongeza asidi hidrokloriki kali kidogo kidogo kwenye mmumunyo wa pinki mpaka ufike zambarau, basi simama hapo. Zambarau ndiyo itakayokwenda buluu ndani ya maji ya moto na kurudi pinki ndani ya barafu. Ukipitiliza asidi, barafu haitaweza kuirudisha. Mvuke wa asidi hiyo unachoma koo, kwa hiyo madirisha yawe wazi na miwani ya kinga iwepo.

Chumvi nyingine zina madai yao. Mmumunyo wa aini(II) salfeti, chumvi ya chuma, utengenezwe asubuhi ya jaribio, ukiwa na matone ya asidi salfuriki. Uliolala huliwa na hewa, aini(II) ikawa aini(III), na mwanafunzi anayetarajia mashapo (chembe zinazojitenga na mmumunyo) ya kijani anaona ya kahawia, akakosa alama bila kosa lake. Fedha naitreti ikae kwenye chupa nyeusi. Kabla ya kuitumia, itone kwenye maji yako yaliyokenekwa: yakigeuka kama maziwa, yana kloridi, na kila chumvi utakayopima itaonekana kuwa na kloridi. Maji ya visima vya pwani usiyafikirie kabisa kwa kazi hii. Mashapo ya kobalti haidroksidi nayo hutoka buluu, yakakaa yakawa pinki, na hewa ikayafanya kahawia. Waambie waandike rangi ya kwanza pamoja na mabadiliko.

Ndoo ya taka iwe mezani kabla ya testi tyubu ya kwanza. Chumvi za kobalti, na za risasi (metali ya ledi) kama umezitumia, zisipite kwenye sinki. Taka zenye asidi zimimine kwanza kwenye maji mengi, kisha ongeza sodiamu kaboneti polepole, kwa kuwa povu litapanda. Subiri mashapo yatulie, yachuje, yahifadhi kwenye chombo kilichoandikwa jina na tarehe. Risasi iwe na ndoo yake.