Kujifunza Mwenyewe Kupiga Picha za Mandhari ya Dodoma

Anayetaka kujifunza bila mwalimu kupiga picha za mandhari hapa Dodoma na achague mbuyu mmoja ulio karibu na kwake, auendee mwaka mzima kabla ya kuwaza safari za mbali. Mimi nilianza kwa simu, na mbuyu mmoja wa njia ya Hombolo ulinifundisha mengi kuliko kamera niliyonunua baadaye: wakati wa kiangazi matawi yake huwa matupu na hujichora angani kama mizizi, na mvua za Desemba zikishika huvaa majani, hata picha iliyopigwa pale pale ikawa nyingine kabisa.

Fika kabla ya jua kuchomoza. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima na mwanga laini haudumu. Ukifika saa mbili asubuhi, mwanga huo umekwisha. Simama jua likiwa ubavuni mwako, kwani mwanga wa pembeni ndio unaoibua mikunjo ya gome. Asubuhi moja niliona gome hilo la kijivu likigeuka rangi ya shaba, kisha likapoa tena kabla sijamaliza kuifunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu; tangu hapo huifunga kungali giza.

Kamera ikikuruhusu kupanga mwenyewe, anza na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuunasa mwanga) ya 100 na tundu la lenzi la f/8 au f/11, yaani tundu dogo kiasi, ili mawe ya mbele na vilima vya nyuma vionekane sawasawa. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, itakaa wazi muda mrefu, na upepo wetu hautulii, kwa hiyo tundika begi chini ya stendi iwe nzito. Matawi yakiyumba, pandisha ISO ili shata ifunge upesi.

Vumbi lipulizwe kwanza kwa kipulizo cha mpira, ndipo lenzi ifutwe kwa kitambaa laini. Niliwahi kuifuta kwa pindo la shati, na mikwaruzo ile hujitokeza hadi leo kila ninapoielekeza juani.

Ukimkuta mchungaji na ng'ombe wake, mwamkie kwanza, ikiwezekana kwa Kigogo, "mbukwenyi", kisha umwombe ruhusa. Akikubali, mwache aendelee na njia yake, umpige atakapofika chini ya mbuyu, kwani hapo ndipo unene wa shina utakapoonekana.