Ukiuza bastola ya .22, vua darubini ya kulengea kwanza

Kwa mlioko Marekani: niliitangaza Ruger Mark IV yangu, bastola ya risasi ndogo za .22, na vikorombwezo vyote, kila mteja akanipa bei ya bastola tupu. Vua darubini ya nukta nyekundu (kioo kinachokuonyesha nukta ya kulengea), uiuze peke yake. Anayetaka bastola mara nyingi ana darubini yake aipendayo, na yako itamfaa hata mwenye bunduki nyingine. Zile skrubu ndogo tia kwenye kifuko, zikipotea utajuta. Magazini na boksi la kiwandani usivitenganishe na bastola. Darubini ya bei chee iliyokwaruzika haikulipi usumbufu huo. Itoe tu kama nyongeza. Mnunuzi akiwa wa jimbo jingine, bastola lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu.