Soma anwani ya mtumaji kabla hujaandika neno

Rafiki yangu alifiwa na mama yake. Nikamwandikia rambirambi usiku ule ule kwa simu, nikatuma, nikalala. Asubuhi nikagundua barua pepe ile imetoka kwenye akaunti ya kazini, ya kitengo cha malipo, na chini ya maneno yangu ya pole imejibandika sahihi ya ofisi: "Tafadhali lipa ankara yako ndani ya siku 14." Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alinielewa, lakini nilijua ameisoma akiwa msibani.

Kosa lilianza pale nilipofungua barua mpya. Ukijibu barua, mara nyingi programu hutumia anwani iliyoipokea. Barua mpya ndiyo yenye mtego. Nilikuwa kwenye kisanduku kinachochanganya barua za akaunti zote, simu ikachukua akaunti ya msingi, yaani ile inayotumika usipochagua nyingine, nayo ilikuwa ya kazi. Ndivyo inavyoweza kutokea pia ukituma picha moja kwa moja kutoka kwenye albamu, au ukibofya anwani iliyo kwenye tovuti.

Kwa hiyo anza na akaunti ya msingi. Kwenye iPhone utaikuta ndani ya mipangilio ya Mail. Chagua ile ambayo ukiitumia kimakosa madhara yake ni madogo. Mimi nimeweka ya binafsi, maana bosi akipata barua yangu kutoka huko atashangaa tu, ila mambo ya nyumbani yakishaingia kwenye seva ya ofisi siwezi kuyafuta. Anayeshika taarifa za wagonjwa au wateja huenda akachagua kinyume.

Kama umeunganisha anwani kadhaa ndani ya Gmail moja, fungua mipangilio kwenye kompyuta, sehemu ya akaunti, uiamuru ijibu kwa anwani ile ile iliyotumiwa barua. Usipofanya hivyo, hata majibu yanaweza kutoka kwenye anwani ya msingi. Ukiwa hapo hapo, ongeza muda wa kutendua barua uliyotuma kutoka sekunde 5 hadi 30. Sekunde hizo ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kwenye Outlook, sehemu ya mtumaji wakati mwingine imefichwa. Ifichue, ionekane kila unapoandika.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni sahihi. Kila akaunti ipe yake, zisifanane hata kidogo. Ya kwangu binafsi ni jina la kwanza tu; ya kazi ina cheo na namba ya simu. Barua mpya ikifunguka, jicho linaangukia hapo kabla kidole hakijagusa herufi. Kwenye kompyuta nimetenga wasifu mbili za kivinjari, moja ya kazi na moja ya binafsi, kila moja na rangi yake.

Halafu jaza jina la mpokeaji mwisho, baada ya kuisoma barua yote. Barua isiyo na mpokeaji haiendi popote, hata ukigusa kitufe kwa bahati mbaya.

Ikiwa imeshatoka, usitegemee kuivuta. Huduma ya Outlook ya kurejesha barua kwa kawaida hufanya kazi kwa watu wa taasisi moja tu. Andika upya kutoka akaunti sahihi, mwombe mwenzako aifute anwani ile nyingine. Asipoifuta, programu yake itaendelea kumpendekezea, na majibu yake yatakuwa yanaingia ofisini mwezi baada ya mwezi.